Kigoma Mjini, miaka 15 kwa 15: mnaosema ni ngome ya upinzani mlihesabu lini?

Mgebuka Mkavu

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilikuwa kijiweni Mwanga, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mfukoni. Jamaa mmoja mgeni, kashuka na treni ya siku hiyohiyo, akatamka kwa kujiamini kabisa: "Nyie Kigoma Mjini wapinzani wa kuzaliwa." Wenyeji wakacheka na kutikisa vichwa, utadhani wamesifiwa. Mimi nikaokota kijiti nikaanza kuandika chini kwenye vumbi. Nilipomaliza kijiwe kilinyamaza, halafu ugomvi ukaanza. Nauleta huku, maana kule kahawa iliisha kabla ya hoja.

Nilichoandika ni hiki. 1995 hadi 2005, Dk. Aman Walid Kabourou, Chadema. 2005 hadi 2015, Peter Serukamba, CCM. 2015 hadi 2020, Zitto Kabwe, ACT-Wazalendo. 2020 hadi 2025, Kilumbe Ng'enda, CCM. Kumi kwa kumi, tano kwa tano. Jumlisha. Miaka 30 ya vyama vingi bungeni, upinzani 15, CCM 15. Hiyo mpirani inaitwa sare.

Sasa ngome gani inayogawana nusu kwa nusu?

Najua mtasema mimi ni kijani. Sina kadi ya mtu yeyote zaidi ya NIDA na ya kliniki. Nasema tu kwamba hili jimbo linasomwa vibaya, na wanaolisoma vibaya zaidi ni sisi wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Vyama vingi vilirudi 1992. Kabla ya hapo, kwa wadogo zetu ambao hawakuona, uchaguzi wa mbunge ulikuwa wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Mtu ambaye hajui kusoma anaambiwa "wewe weka kwenye nyumba", yamekwisha. Kwa hiyo mazoea ya kuchagua mtu na siyo chama tulikuwa nayo zamani, maana chama kilikuwa kimoja. Lishikeni hilo, nitalirudia.

1994 jimbo letu likaingia uchaguzi mdogo, miongoni mwa chaguzi ndogo za mwanzo kabisa za mfumo mpya. CCM ikamsimamisha Azim Premji, Chadema ikamleta Kabourou. Nilikuwa darasa la nne, naishi kwa babu, Ujiji, upande wa Rusimbi. Redio ilikuwa ya babu peke yake kwa nyumba zile za jirani. Jioni aliiweka dirishani, spika imetazama nje, watu wanakaa barazani na kwenye mkeka chini ya mwembe. Redio maana yake Radio Tanzania, hapakuwa na nyingine ya maana huku. Taarifa ya habari ikifika kwenye uchaguzi wa Kigoma, tunasikia mgombea wa chama tawala kasema hivi, kapokewa vile. Babu anainua kidole, tunyamaze, anasubiri jina la yule mwingine. Anasubiri. Inakuja michezo, inakuja mpaka matangazo ya vifo. Hapo anazima, anasema: "Huyu kijana hata kwenye vifo hayumo."

Premji akatangazwa mshindi. Kabourou akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikaufuta uchaguzi. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa. Hiyo redio ya babu, wakuu, ni sehemu ya hoja zilizoangusha matokeo! Atakuja mtu wa sheria humu aeleze vizuri kuliko mimi.

1995 Kabourou akaingia bungeni kwa mlango wa mbele. 2000 akarudi tena, na mwaka huo Chadema nchi nzima ilishinda majimbo manne tu: Karatu kwa Slaa, Hai kwa Mbowe, Moshi Mjini kwa Ndesamburo, na sisi. Angalia ramani. Matatu ya kaskazini, na moja huku mwisho wa reli. Sisi ndio tuliokifanya chama kile kisiitwe cha kaskazini peke yake. Kabourou aliwahi kuwa hadi Katibu Mkuu wake.

Sasa njooni kwenye sehemu inayoniwasha.

Desemba 2005, Kikwete anapata asilimia 80 nchi nzima, na mji wetu unamtoa Kabourou, unampa Serukamba wa CCM. Sawa, upepo. Lakini siku ileile, ukitoka mjini ukapita Mwandiga, Kigoma Kaskazini wanampa kijana wa miaka 29 wa Chadema anaitwa Zitto. Upepo uleule, vumbi lilelile. Mjini kijani, shambani Chadema.

2010 ndiyo ilinimaliza. Mkoa ulikuwa na majimbo manane. Zitto akabaki na Kaskazini. NCCR-Mageuzi ikachukua manne: Kafulila Kigoma Kusini, Machali Kasulu Mjini, Buyogera Kasulu Vijijini, Mkosamali Muhambwe. Na hayo manne ndiyo majimbo yote NCCR iliyopata Tanzania nzima! Matano kati ya manane yamekwenda upinzani. CCM ikabaki na Manyovu, Buyungu na... Kigoma Mjini. Makao makuu ya mkoa, bandari, stesheni, chuo, kijiwe cha kahawa chenye wajuaji kama mimi, tukarudi kwa Serukamba. Kila kitabu cha siasa kinakuambia miji inaasi kwanza, vijiji vinafuata. Huku vijiji viliasi, mji ukakaa kimya.

Halafu 2015 geuza yote. NCCR ikafutika mkoani, yale manne yote yakaondoka. Mkoa ukarudi kijani, isipokuwa Buyungu aliyochukua Bilago wa Chadema, na isipokuwa sisi. Majirani wametulia, mji ndiyo unaasi. Serukamba akahamia Kigoma Kaskazini akashinda kwa CCM. Zitto akatoka Kaskazini akaja Mjini akashinda kwa ACT, chama ambacho ndani ya bunge lile kilikuwa na mbunge mmoja, yeye. Walipishana kama daladala mbili pale Mwandiga, moja inaingia mjini, nyingine inatoka.

Na aliyeshindwa na Zitto mjini ni nani? Mgombea wa CCM, Dk. Aman Walid Kabourou. Yuleyule. Safari hii kavaa kijani.

Nilikuwa wakala kwenye kituo kimoja siku ile ya Oktoba 25. Kura tulihesabia kwenye darasa, taa ya kuchaji juu ya dawati, mbu wanatuhesabu sisi. Zilianza za urais. Rundo la mama Anna Mghwira wa ACT ungelishika kwa vidole viwili (nchi nzima alipata 98,763). Msimamizi akafunga bahasha, tukaanza za ubunge, zimetoka kwa watu walewale, saa zilezile, mstari uleule. Rundo la ACT likapanda mpaka likaanza kuegama, msaidizi akalishikilia kwa kiganja lisianguke. Wakala wa CCM, mtu mzima mwenye adabu zake, akanitazama, akatazama lile rundo, akasema taratibu: "Hawa watu hawajahama chama, bwana mdogo." Tukasaini fomu 21B, tukagawana karanga.

Hoja yangu basi. Kigoma Mjini si ngome ya mtu. Ni jimbo la mtu mmoja mmoja, kama enzi za jembe na nyumba. Chadema hapa ilikuwa Kabourou. Alipoondoka, ikabaki bendera na mlingoti. Kabourou alipohamia CCM hakuhama na kura zake, kura zilikuwa zimeshakwenda kulala. ACT hapa ni Zitto. Na anayeingia kwa jina lake anatoka kwa jina lake.

Uzi tayari. Karibuni, ila msije na matusi.

Dagaa wa Kibirizi

Mkuu umeandika vizuri ila umetuuzia mizani mbovu. 2020 unaiwekaje kwenye hesabu? Oktoba 28, 2020, bara nzima upinzani ulipata majimbo mawili: Nkasi Kaskazini kwa Chadema na Mtwara Vijijini kwa CUF. Mbowe kaanguka Hai, Sugu kaanguka Mbeya, Zitto kaanguka huku. Uniambie wote hao majina yao yalichuja wiki moja? Na Zitto mwezi uleule alipata ajali ya gari kwenye kampeni mkoani hapahapa, katoka hospitali anapanda jukwaani kafungwa mkono. Toa 2020 uone kama sare inabaki.

Mgebuka Mkavu

Kaka Dagaa, nikitoa 2020 na wewe utoe 2005 na upepo wake. Ukishaanza kutoa miaka isiyokupendeza tutabaki na mwaka mmoja, tena wa nusu.

Dagaa wa Kibirizi

Upepo na kimbunga ni vitu viwili mzee. 2005 jirani zako Kaskazini walipona. 2020 nani alipona mkoa huu? Taja mmoja.

Mgebuka Mkavu

Hapo umenibana. 2020 naiwekea nyota pembeni. Lakini siifuti, aliyekaa bungeni miaka mitano ni Ng'enda na siyo nyota.

Wakili wa Kivulini

Nimeitwa, nimekuja. Kesi inaitwa Mwanasheria Mkuu na wenzake wawili dhidi ya Aman Walid Kabourou, imo kwenye ripoti za sheria za Tanzania za 1996. Aliyesomea sheria nchi hii akapita bila kuisoma, basi alikuwa anatoroka vipindi.

Uzito wake uko hapa. Kabla yake, watu walizoea kwamba kufuta uchaguzi lazima uonyeshe kura ziliibwa, sanduku lilijazwa, karani alikosea kuhesabu. Kabourou hakusimama kwenye sanduku peke yake. Alisema uwanja wenyewe ulikuwa umeinama kabla watu hawajafika kituoni. Mambo mawili yaliyobaki kwenye vichwa vya mawakili ni redio ya taifa kuegemea upande mmoja, na barabara iliyoanza kutengenezwa katikati ya kampeni. Mtu anaweza kusema barabara ni maendeleo, ubaya wake nini? Ubaya ni kalenda. Greda linalolala miaka yote halafu linaamka wiki za kampeni, huyo ni mpiga kampeni mwenye magurudumu.

Kwa hiyo mkuu Mgebuka, babu yako pale dirishani alikuwa anasikiliza ushahidi bila kujua. Kila kesi ya uchaguzi inayogusa vyombo vya habari vya umma, mpaka leo, lazima mtu ainuke amtaje Kabourou. Jimbo letu limechangia sheria ya nchi kuliko lilivyochangia mawaziri.

Nyongeza ndogo: Dk. Kabourou alifariki Machi 2018. Ukiacha alichovaa mwishoni, yule mzee alitufundisha kwamba ukionewa unaandika hati ya malalamiko, hutupi mawe.

Reli ya Kati

Uzi mrefu kama behewa la daraja la tatu lakini nimefika nao mpaka stesheni. Swali: huyu wa sasa mnamweka wapi?

Mama Mawese

Reli ya Kati nijibu mimi, hawa wanaume wanazunguka.

Wa sasa ni Baba Levo, Clayton Chipando, msanii. CCM ilimpitisha yeye badala ya Ng'enda, na Oktoba 2025 akatangazwa mshindi mbele ya Zitto. Chadema haikuwemo kwenye uchaguzi ule kabisa, na siku yenyewe intaneti ilizimwa, hata huu uzi usingepanda. Sasa mnisikilize. Baba Levo kabla ya hapo alikuwa nani? Diwani wa Mwanga Kaskazini, 2015 mpaka 2020, kupitia ACT ya Zitto! Mimi nauza mawese kata hiyohiyo, nilimwona akipita mtaani na zambarau yake.

Kwa hiyo 2015 CCM ilimsimamisha mtu aliyelelewa na Chadema. 2025 ikamsimamisha aliyelelewa na ACT. Kaka Mgebuka unasema upinzani 15, CCM 15. Mimi nasema hapa CCM ikitaka kuhakikisha, inakwenda kununua mche kwenye kitalu cha jirani. Hilo hukuliandika kwenye vumbi lako.

Na jingine. Nyote mnaongea wabunge, wabunge. Manispaa ina kata 19. 2015 ACT haikuchukua ubunge tu, ilichukua halmashauri, ikawa na meya wake, Hussein Ruhava. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu kubwa kuliko Zitto, maana Zitto angeshinda hata kwa chama cha wavuvi. Diwani wa kata yetu hakuwa staa wa kitaifa, alichaguliwa na watu wanaomdai hela ya sukari.

Wakati huo Kigoma-Ujiji ikaingizwa kwenye mpango wa kimataifa wa serikali kuendeshwa kwa uwazi, mwaka 2016, miongoni mwa serikali za mitaa 15 tu za majaribio duniani. Sisi! Na migebuka yetu! Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango mzima, basi, tukabaki tumevaa suti harusi imeahirishwa.

Mimi nimeona rangi zote. Kizimba changu kimehamishwa mara tatu. Mara mbili chini ya rangi moja, mara moja chini ya rangi nyingine. Aliyekuja na karatasi ya kunihamisha alikuwa kijana yuleyule, kafuga ndevu tu katikati.

Dagaa wa Kibirizi

"Kununua mche kwenye kitalu cha jirani." Dada Mawese hili naliandika ukutani.

Reli ya Kati

Lakini Serukamba na Ng'enda hawakutoka kitalu cha jirani. Ng'enda alikuwa katibu wa CCM mkoa wa Dar es Salaam, huyo ni wa damu.

Mama Mawese

Kweli. Nimesema ikitaka kuhakikisha. Serukamba alikuja na upepo wa 2005, Ng'enda na kile kimbunga cha kaka Dagaa. Bila hali ya hewa wanatafuta mche.

Mgebuka Mkavu

Dada Mawese, hapo umenipiga na nimeanguka vizuri. Ila ona, umeniongezea hoja badala ya kunivunjia. Kama CCM yenyewe inakubali kwamba hapa lazima iende kutafuta mtu, hata akiwa wa jirani, basi inajua kwamba jezi haitoshi. Na 2015 ilikwenda kununua mche ikapanda, haukuota. Kabourou alikuwa ameshatutumikia miaka kumi, mbegu ile tulishaila.

Kitu kingine kinanitatiza, na kwenye vumbi nilikipigia mstari. Kabourou na Serukamba walikaa vipindi viwili viwili. Zitto kimoja. Ng'enda kimoja. Hata kama unaiwekea 2020 nyota, Ng'enda hakuangushwa na upinzani, aliishia mlangoni mwa chama chake. Mji una watu 232,388 kwa sensa ya 2022, kutoka 215,458 ya 2012. Hiyo ni nyongeza ya watu wachache sana kwa mji wa miaka kumi. Vijana wanaondoka, wanakwenda Dar, Mwanza, wengine wanavuka ziwa. Wanaobaki uvumilivu wao umepungua. Zamani mbunge alisubiriwa afanye kitu. Sasa anasubiriwa aondoke.

Wakili wa Kivulini

Hiyo ya sensa ni nzuri, ila usiifanye ushahidi wa kila kitu. Watu kuwa wachache hakumaanishi wana hasira.

Mgebuka Mkavu

Mheshimiwa wakili, pingamizi limekubaliwa.

Dagaa wa Kibirizi

Mimi bado nang'ang'ana. Hesabu miaka ya viti upate sare, sawa. Lakini hesabu nani alitetemesha nani. Kwa miaka 30 kila CCM ikija hapa inakuja na viongozi wa kitaifa, magari, mabendera mpaka kwenye mitumbwi Katonga. Jimbo ambalo si ngome ya upinzani halipigiwi kampeni hivyo. Jimbo salama mgombea analala nyumbani, anaamka mbunge. Hapa tangu 1994 hajalala mtu.

Mgebuka Mkavu

Hapo sina la kusema. "Hajalala mtu" nakubali kwa mikono miwili. Labda neno letu si ngome, ni kijiwe.

Reli ya Kati

Mkuu, kabla hujafunga. Babu yako aliyekuwa anasikiliza redio. 2015 alikuwa hai? Maana mtu wake wa 1994 alirudi kwenye karatasi, ila kwa CCM. Alimpa?

Mgebuka Mkavu

Alikuwa hai, miaka 80 na kitu, macho hayaoni vizuri lakini masikio kama ya paka. Nilimpeleka kituoni asubuhi kabla sijaenda kwenye uwakala wangu, fimbo mkono mmoja, bega langu mkono wa pili. Wazee walipitishwa mbele. Akaingia, akakaa humo muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa, akatoka na kidole chenye wino amekinyoosha mbali na kanzu isichafuke.

Njiani sikuuliza, kura ni siri. Tumefika barazani, namwekea mto akae, akasema mwenyewe bila kuulizwa: "Safari hii jina lake nimelisikia mno redioni."